Maji ya Mitundu na majibu yasiyorudi

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Mitundu, swali la kwanza ni "ndio wapi huko?" Nimeulizwa hivyo na watu watatu, na mmoja wao ni mhariri. Kwa hiyo ngoja nianze na jiografia kidogo, msije mkanipotelea njiani. Mitundu iko mkoa wa Singida, upande wa kusini-magharibi, katika Halmashauri ya Itigi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Manyoni. Unafika Itigi, pale Reli ya Kati inapopita, halafu unaiacha reli na kushika barabara inayoelekea Rungwa na mwisho wa yote Mbeya. Ni nchi ya vichaka na miombo, nchi ya mizinga ya nyuki. Wenyeji wa asili ni Wakimbu, lakini siku hizi utakuta Wanyaturu, Wasukuma, Wagogo na Wanyamwezi, kila mtu na shamba lake na mifugo yake.

Sikwenda kwa ajili ya asali, ingawa nilirudi na lita tano na zimeshaisha (msiniombe). Nilikwenda kuongozana na watu wanaochota sampuli za maji ya ardhini ili yapimwe kama yamechafuka. Timu yenyewe ilikuwa ndogo: fundi sanifu mmoja wa makamo, msaidizi wake ambaye ni binti aliyetoka chuo juzi juzi, na dereva. Huyo fundi sanifu nitamwita Fundi tu, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita na kwa sababu hakuniruhusu kutaja jina lake.

Kwa nini maji ya ardhini? Kwa sababu kule ndiyo maji yenyewe. Mito mingi ya Singida ni ya msimu. Mvua ikikata, mto unageuka kuwa njia ya ng'ombe. Kinachobaki ni kile kilicho chini ya miguu: kisima cha kuchimba kwa mikono kule mbugani, au kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine na kuwekwa pampu. Sisi wa mjini tukiona maji ya bomba yametoka na rangi ya chai tunapiga kelele, tunaandika, tunapiga picha. Maji ya kisima kirefu yanakuja yameng'aa kama kioo, na hapo ndipo shida inapoanza. Mengi ya yale yanayomdhuru mtu ndani ya maji ya ardhini hayana rangi, hayana harufu, na hayana ladha. Jicho halisaidii kitu.

Sasa ngoja niwaeleze nilichojifunza, maana wengi tunadhani kuchukua sampuli ni kukinga chupa, kufunga kizibo, basi.

Kitaalamu kuna kisima cha kunywa na kuna kisima cha uangalizi. Hiki cha pili hakinyweshi mtu. Ni bomba jembamba lililozamishwa ardhini mpaka kwenye tabaka lenye maji, likafunikwa na kufungwa kufuli. Unaviweka visima vya namna hiyo kuzunguka kitu unachokitilia shaka: dampo, mgodi, kituo cha mafuta, mabwawa ya majitaka. Kimoja unakiweka upande ambako maji yanatoka na vingine upande ambako yanakwenda, kwa sababu maji ya ardhini nayo yana mwendo, ila ni wa polepole mno. Ili kuujua mwelekeo wake unahitaji angalau visima vitatu vilivyokaa kama pembetatu, upime kina cha maji katika kila kimoja. Kisima cha juu kikiwa safi na cha chini kikiwa na sumu, basi unajua sumu imeingilia hapo katikati. Na unajua kabla haijafika kwenye ndoo ya mtu.

Pale Mitundu hatukufungua kufuli la kisima chochote cha aina hiyo. Sampuli zilichotwa kwenye pampu zilezile ambazo watu wanakunywa. Fikirieni maana yake. Anayetakiwa kupiga kengele na anayetakiwa kuokolewa ni yuleyule. Siku kisima kikionyesha uchafu, watu watakuwa wameshaunywa, na hakuna atakayejua ni tangu lini.

Haya, tuendelee na uchotaji. Kanuni ya kwanza ni kwamba maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima hayasemi ukweli. Yamekaa na chuma, yamekaa na hewa, yamebadilika. Unayoyataka ni yale yaliyoko nje, ndani ya mwamba. Kwa hiyo inabidi uyatoe kwanza yaliyolala. Utaratibu wa siku nyingi ni kutoa ujazo wa kisima mara tatu. Fundi alinipigia hesabu kwa kijiti mchangani: bomba la inchi 6 linabeba kama lita 18 kwa kila mita moja ya maji. Ikiwa maji yamesimama mita 30, hizo ni lita 540. Mara tatu ni lita 1,620. Kwa lugha ya Mitundu, ndoo 81.

Ndoo 81 za kumwaga! Jaribu kumweleza hilo mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri.

Lakini Fundi alikuwa na ujanja wake. Tulifika kwenye pampu ya kwanza saa moja asubuhi, na madumu yalikuwa yameshapangwa mstari mrefu, ya njano, ya bluu, mengine yamezibwa kwa magunzi ya mahindi. "Hawa akina mama wameshanifanyia kazi," alisema. Kisima kinachotumika mfululizo hakina maji yaliyolala. Foleni ndiyo imeyatoa. Hata hivyo hakukinga chupa papo hapo. Aliomba nafasi, akatumbukiza vijiti vya mashine yake kwenye ndoo iliyokuwa inapokea maji, akawa anasoma joto, pH na uwezo wa maji kupitisha umeme. Akasoma, akasubiri dakika chache, akasoma tena. Mpaka pH isipopishana zaidi ya 0.1 mara tatu mfululizo, na umeme usipopishana zaidi ya asilimia 3, ndipo alipomwambia yule binti, "Sasa haya ni maji ya chini. Lete chupa."

Huko nyuma foleni ilikuwa inanung'unika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kwa sauti, "Mkimaliza kuyapima, mtatujazia na sisi?" Watu wakacheka, na Fundi naye akacheka, lakini akaongeza mwendo.

Chupa zenyewe si za aina moja. Kuna ya kuangalia bakteria: hii imechemshwa na kufungwa kule maabara, haisuuzwi, hushiki ndani ya kizibo, na unaacha nafasi kidogo ya hewa juu. Inaingia kwenye sanduku la barafu mara moja, kwa sababu bakteria ni viumbe hai. Ukichelewa wanazaliana au wanakufa, na majibu yanakuwa ya safari na si ya kisima. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa 24, na ikiwezekana ndani ya saa 6. Kuna ya metali: maji yanachujwa kwanza, halafu yanatiwa matone ya tindikali ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, ili metali zisije zikang'ang'ania kwenye kuta za chupa. Kuna ya floraidi na nitrati: hii haitiwi tindikali, na lazima iwe ya plastiki kwa sababu floraidi inagusana vibaya na kioo. Na kuna moja iliyonichekesha, chupa ya maji safi kabisa yaliyotoka maabara, yakaja mpaka Mitundu na kurudi bila kazi yoyote. Binti akanieleza kwamba hiyo ni shahidi wao. Kama nayo itakutwa na uchafu, basi uchafu umeingia kwa wachotaji na kisima hakina kosa.

Kila chupa inaandikwa namba ya kisima, tarehe, saa, na jina la aliyechota. Halafu kuna fomu ya makabidhiano: nani kaipokea kutoka kwa nani, saa ngapi, mpaka inapoingia mlango wa maabara. Mimi ni mwandishi wa habari, na nikiri kwamba nilitamani vyumba vyetu vya habari vingekuwa na nidhamu ya namna hiyo katika kutunza chanzo cha taarifa.

Ilikuwa kwenye pampu ya tatu, jirani na shule, ndipo nilipokutana na swali ambalo limenifanya niandike haya yote. Bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya dumu lake, ametulia, anatutazama kama mtu anayeangalia sinema aliyokwisha kuiona. Nikamwendea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ninyi ndio mnaopima?"

Nikamwambia wanaopima ni wale, mimi naandika tu.

"Basi andika," akasema. "Walishakuja wengine, na chupa kama hizo hizo. Wakachota, wakaandika, wakaondoka. Majibu hatujayaona mpaka leo. Ninyi mtarudisha?"

Nikamwangalia Fundi. Fundi akaendelea kufunga kizibo. Baadaye, tukiwa garini, alinijibu mimi badala ya bibi: "Mimi nikishakabidhi chupa na nikasainiwa fomu, kazi yangu imekwisha. Majibu yanakwenda kwa aliyetutuma." Ile fomu nzuri ya makabidhiano, niliyoisifia muda si mrefu, ina mstari wa kila mtu anayeishika chupa. Haina mstari wa anayekunywa maji.

Mtu anaweza kusema: bibi anataka majibu ya nini? Ataelewa nini kuhusu miligramu kwa lita? Kama maji yana shida wataambiwa, na kama hawajaambiwa basi yako salama. Hoja hii nimeshaisikia, na inasemwa na watu wasomi kabisa. Nataka niijibu kwa mifano mitatu, na wa kwanza uko hapo hapo Singida.

Singida ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika maji ya ardhini, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga na Mara. Inatoka kwenye miamba yenyewe, hakuna kiwanda kilichoimwaga. Ikizidi, watoto wanaota meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa na kuipinda. Kuyachemsha maji hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Klorini nayo haiigusi. Inahitaji kuchujwa kwa njia maalumu, kama ile ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe inayofanyiwa kazi katika kituo cha Ngurdoto kule Arusha.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha maji ya vijijini, na floraidi ikaruhusiwa mpaka miligramu 8 kwa lita. Ilikuwa ni hesabu ya shida: ukikaza sana, maeneo mazima yangebaki bila kisima cha kunywa. Baadaye kiwango kikashuka mpaka 4. Halafu kikashuka tena mpaka 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Chukueni kisima cha mfano chenye miligramu 3. Mwaka 1974 kiliitwa salama. Wakati wa kiwango cha 4 kiliitwa salama. Leo si salama. Maji hayajabadilika hata tone, kilichobadilika ni neno. Kijiji kilichoambiwa "maji yenu ni salama" kimebakiwa na neno ambalo muda wake umekwisha. Kijiji kilichopewa namba 3 kinaweza kuitoa karatasi yake leo na kuuliza swali. Ndiyo maana nasema bibi anadai kitu cha maana kuliko wanavyodhani wasomi. Tunapaswa kudai namba, neno peke yake halitoshi.

Na msidhani kwamba viwango siku zote vinashuka. Urani, kwa mfano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa mikrogramu 2 kwa lita mwaka 1998, ukawa 15 mwaka 2004, ukapanda mpaka 30 mwaka 2011. Elimu inakua, kiwango kinahama. Namba iliyoandikwa siku ile inabaki.

Mfano wa pili unatoka Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa UNICEF, walichimba visima vya bomba kwa mamilioni ili watu waache kunywa maji ya madimbwi yaliyokuwa yanaua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema na watoto wengi walipona. Lakini mwaka 1993 ikathibitika kwamba visima vingi vina aseniki, sumu inayoharibu ngozi na kuleta saratani taratibu. Kabla ya hapo, mwaka 1992, wanasayansi wa British Geological Survey walikuwa wamepima sampuli za visima kule kwa vitu vingi, ila aseniki hawakuipima. Mwanakijiji mmoja aliyeugua akafungua kesi Uingereza, ikafika mpaka House of Lords iliyokuwa mahakama ya mwisho wakati ule. Mwaka 2006 akashindwa. Sheria ilisema wale wanasayansi hawakuwa na wajibu kwake.

Ninachokiona hapo ni kwamba maji yanajibu swali uliloyauliza tu. Ukipima chumvi, utajibiwa chumvi. Kwa hiyo karatasi inayosema "yamepimwa, yako sawa" bila orodha ya kilichopimwa ni karatasi tupu. Bangladesh baadaye walifanya jambo moja la akili sana: visima vilivyopimwa vikapakwa rangi, nyekundu kwa chenye aseniki na kijani kwa kilicho salama. Asiyejua kusoma aliyaona majibu kwenye pampu yenyewe.

Mfano wa tatu uko jirani na Singida, na huu unatutia moyo. Kule Makutupora, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ndiko visima vikubwa vya maji ya mji ule viliko. Tangu miaka ya 1950 wafanyakazi wa maji walikuwa wakienda kupima kina cha maji visimani na kuandika. Wakastaafu, wakaja wengine, wakaendelea kuandika. Mwaka 2013 watafiti wakachapisha kumbukumbu hiyo ya miaka 55 katika jarida la Nature Climate Change. Ikaonekana kwamba maji ya ardhini pale hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka kama tunavyodhani. Yanashuka miaka mingi mfululizo, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na akiba inajaa kwa mkupuo. Huwezi kuliona jambo hilo kwa kupima mara moja, wala kwa kupima miaka mitano. Dodoma ikiwa makao makuu ya nchi, inapanga maji yake kwa kutegemea daftari lililojazwa na watu ambao wengi wetu hatutawajua majina. Na Dodoma hiyohiyo, mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa nitrati nyingi katika maji yake ya ardhini, ukielekeza kidole kwenye majitaka. Nitrati ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, kwa sababu inaizuia damu yake kubeba hewa ya oksijeni.

Nikirudi kwa yule bibi na pampu yake jirani na shule. Shule ina vyoo vya shimo. Mwongozo wa Sphere unaotumika kwenye misaada ya dharura unataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Kijiji kinakua, madarasa yanaongezeka, vyoo vinaongezeka. Wapo wanaolima tumbaku na mahindi kwa mbolea ya dukani. Haya yote ni maisha ya kawaida, hakuna mhalifu. Lakini yote yanaweza kushuka chini polepole, na mtu wa kwanza kujua anapaswa kuwa yule anayekunywa.

Kuna suala kubwa zaidi. Mwishoni mwa muongo wa 2000, kampuni ya Australia iitwayo Uranex ilikuwa ikitafuta urani Manyoni na Bahi, kwenye zile mbuga ambamo urani imekaa karibu na uso wa ardhi, ndani ya udongo wa chokaa. Mitundu si pale pale, iko upande mwingine kabisa, ila mfano unafaa. Mahali kama hapo maji yanaweza kuwa na urani kwa asili yake kabla hata ya jembe la kwanza. Ikiwa siku moja mgodi utafunguliwa, halafu baada ya miaka kumi mtu apime kisima akute urani, kutakuwa na mabishano. Kampuni itasema ilikuwamo tangu kuumbwa kwa dunia. Mwanakijiji atasema haikuwamo. Nani atashinda? Atashinda mwenye karatasi ya zamani. Na kwa kawaida mwenye karatasi ya zamani ni kampuni, kwa sababu ndiyo iliyolipa watu wapime.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la bibi kwa uzito wake. Kijiji ambacho hakina namba za maji yake ya jana hakitaweza kujitetea kesho, hata kama kinasema kweli tupu. Wapimaji wanapoondoka na chupa bila kurudisha majibu, wanaondoka na ushahidi wa kijiji.

Sasa tufanye nini? Sipendi kuandika malalamiko matupu, kwa hiyo haya ndiyo mawazo yangu. Kwanza, ile fomu ya makabidhiano iongezwe mstari mmoja wa mwisho: nakala kwa kamati ya maji ya kijiji, imepokelewa tarehe fulani, saini. Haigharimu hata shilingi mia. Pili, majibu yabandikwe palipo na pampu au kwenye ofisi ya mtendaji: kilichopimwa, namba iliyopatikana, kiwango cha siku hiyo, tarehe. Kijana yeyote wa darasa la saba anaweza kumsomea bibi yake. Tatu, daftari. Shule zetu zina walimu wa sayansi. Kifaa cha kupima umeme wa maji kinaingia mfukoni. Watoto wapime pampu yao kila mwezi na waandike. Hakitawaambia kuna sumu gani, lakini namba ikihama ghafla watajua kwamba kuna kitu kimebadilika na wataita wakubwa.

Na nne inatuhusu sisi tuliokaa kwenye viti vya mjini. Tangu 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Raia anaweza kuandika kwa ofisi ya umma kuomba taarifa iliyonayo, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Waandishi tunaitumia kidogo mno, tunasubiri mikutano ya waandishi wa habari na soda. Mkitoka kijijini kwenu, Desemba mkienda likizo, ulizeni: kisima chetu kilipimwa lini, kilipimwa nini, karatasi iko wapi? Kama haipo kijijini, iandikieni ofisi husika barua.

Mimi yangu nimeshaiandika. Nimeomba majibu ya visima vyote ambavyo nilishuhudia vikichotwa pale Mitundu, pamoja na yale ya wale "wengine" waliotangulia, na nimeomba nakala moja iende moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Barua imepigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri ninayo. Leo ni siku ya 11.

Zikifika 30 nitawaambia kilichotokea, kwa namba. Na ninyi wa Iramba, Bahi, Kishapu, Nzega na kwingineko, kisima cha kwenu kilipimwa lini?